Alipio, rafiki wa Augustino



Katika mji wa Thagaste, ambao siku hizi huitwa Souk Ahras nao upo mashariki mwa Algeria, palikuwa na mti wa peasi karibu na shamba la mizabibu la jamaa ya Augustino. Peasi ni tunda la nchi za baridi, lenye umbo la kufanana na avoka. Yapata mwaka 370, Augustino akiwa kijana wa miaka 16, alitoka usiku na wenzake, wakautikisa mti ule, wakabeba mzigo mzima wa matunda, kisha wakayatupia nguruwe. Hawakuwa na njaa. Matunda yenyewe hayakuvutia kwa rangi wala kwa ladha, na kwao Augustino yalikuwapo yaliyo bora zaidi.

Zaidi ya miaka 25 baadaye, akiwa askofu wa Hippo, aliandika kitabu chake cha Maungamo, akakizungushazungusha kisa hicho kwa kurasa nyingi hata wasomaji wengine hushangaa. Mtu aliyeishi miaka mingi na mwanamke bila ndoa, aliyefuata mafundisho ya Mani na kuwavuta wengine wayafuate, mbona anahangaika hivyo juu ya matunda machache? Lakini Augustino alikuwa ameona jambo. Aliutafutia wizi ule sababu kwa makini kama hakimu, akaikosa, isipokuwa moja: peke yake asingeufanya. Ilitosha mmoja aseme “twende”, na kila mmoja akaona haya kuwa na haya.

Wengi wenu mnaijua historia ya Augustino. Mmeisikia kwenye mafundisho ya kipaimara, na akina mama huipenda kwa sababu ya machozi ya Monika. Leo tunataka kumfuata mtu mwingine aliyesimama karibu naye katika karibu kila ukurasa, ambaye hatumtaji sana: rafiki yake Alipio. Tunamchagua kwa sababu maisha yake yanatuonyesha, kuliko maisha ya watu wengi tunaowajua katika historia ya Eklezia, jinsi mwenendo unavyotoka kwa mtu mmoja ukaingia kwa mwingine, uwe mwenendo mbaya au mwema, na kwamba mlango unaopitia ni uleule.

Alipio alizaliwa Thagaste, katika jamaa ya wakubwa wa mji, akawa mdogo wa Augustino kwa umri na mwanafunzi wake. Walipokuwa Karthago, mji mkubwa wa pwani ulio karibu na Tunis ya leo, Alipio alishikwa na ulevi wa mashindano ya farasi. Augustino aliona akili nzuri inapotea, lakini hakuthubutu kumwonya, maana wakati huo alikuwa na mgogoro na baba yake Alipio. Siku moja, akifundisha darasani, Augustino alitafuta mfano wa kufafanulia maneno fulani, akawacheka wapenzi wa mashindano. Hakumfikiria Alipio kabisa. Alipio, aliyekuwa ameingia na kukaa, alilipokea neno lile kana kwamba limesemwa kwa ajili yake peke yake, akaacha uwanja wa farasi. Kisha, kwa moyo uleule, akamfuata mwalimu wake hata katika mafundisho ya Mani. Alimfuata kwa mema na kwa upotevu, bila kutenganisha.

Palikuwa Karthago vilevile na kundi la wanafunzi waliojiita “waangamizaji”. Kazi yao ilikuwa kuwavamia wanafunzi wapya, kuwadhihaki na kuwatesa, jambo ambalo waliosoma katika shule za bweni wanaweza kulieleza vizuri kuliko sisi. Augustino anakiri kwamba alichukizwa na matendo yao, hata hivyo aliishi kati yao, na wakati mwingine alipenda urafiki wao, huku akiona namna ya aibu kwamba yeye si kama wao. Sentensi hiyo imetufanya tukiweke kitabu chini mara kadhaa. Mtu anaweza kuchukia tendo na bado akaona haya kwa kutolitenda.

Alipio alitangulia kwenda Roma kujifunza sheria. Huko alikataa katakata kuhudhuria michezo ya kuuana kwa upanga, ambayo umati uliitazama ndani ya viwanja vikubwa vya duara. Siku moja rafiki zake na wanafunzi wenzake walikutana naye wakitoka kula, wakamkokota kwa mzaha. Aliwaambia kwamba wanaweza kuuburuta mwili wake na kuukalisha pale, lakini macho na roho yake hawataviweza. Atakuwapo kama asiyekuwapo. Walimpeleka, labda kwa kutaka kuona kama ataweza kutimiza neno lake. Alikaa, akafumba macho. Mpiganaji mmoja akaanguka, na umati wote ukapiga ukelele mmoja. Alipio akafumbua macho.

Augustino anasema kwamba wakati ule Alipio alipata jeraha la roho lililo baya kuliko jeraha la mwili alilopata yule aliyelala mchangani. Hakugeuza uso tena. Alitazama, akapiga kelele, akawaka. Hakuwa tena yule aliyeletwa, bali alikuwa mmoja wa umati. Alipotoka aliondoka na kichaa cha kumrudisha pale, na aliporudi hakurudi tu na wale waliomburuta, bali aliwatangulia, akiwaburuta wengine.

Tuangalie vizuri kilichomshinda. Si damu, kwa kuwa alipofumbua macho alikuwa ameshashindwa. Alishindwa na sauti. Alijilinda kwa kope zake mwenyewe, akasahau kwamba masikio hayana kope. Tena alikuja akijiamini kwamba yeye ni tofauti na wale waliomzunguka, na hilo ndilo lililomwacha bila ulinzi. Baada ya muda mfupi tofauti ile haikuwako. Aliyeambukizwa aliambukiza wengine, naye hakuwa amekusudia jambo lolote tangu mwanzo wa siku.

Katika miji yetu huu si mfano wa kale. Mnajua jinsi mambo yanavyokwenda: mtu mmoja sokoni anapaza sauti “mwizi!”, kijana mmoja anakamatwa, simu inatafutwa mifukoni mwake, na kabla haijaonekana duara limekwisha kufanyika. Anayepiga kwanza huenda aliibiwa kweli. Wa pili alimwona wa kwanza. Wa ishirini hajui hata ni kitu gani kilichoibwa, hata hivyo jiwe lake ndilo kubwa kuliko yote. Kesho yake watu hao ni watulivu, wanasalimia jirani, wanakwenda Misa. Sisi tunaoandika haya tumewahi kusimama katika duara la namna hiyo. Hatukutupa jiwe. Lakini hatukuondoka pia, na kila mmoja wetu aliyesimama pale alilifanya duara kuwa nene kidogo, akamzibia kijana yule njia.

Wataalamu wameandika mengi juu ya jambo hili. Jaji Mfaransa Gabriel Tarde alitoa mwaka 1890 kitabu kizima juu ya kuiga kama msingi wa maisha ya jamii. Mwenzake wa nchi hiyohiyo, René Girard, Mkatoliki aliyezaliwa mwaka 1923 na kufundisha miaka mingi Marekani hadi uzee wake, alieleza kwamba hata tamaa zetu hatuzianzishi wenyewe: tunatamani kitu kwa sababu tumemwona mwingine akikitamani, na ndipo tunapoanza kugombana naye. Tunawataja ili atakayependa aendelee kuwasoma. Alipio anatutosha.

Asidhani mtu kwamba Alipio alikuwa dhaifu kwa kila jambo. Huko Roma alipata kazi kama mshauri wa hakimu katika ofisi ya hazina ya dola kwa upande wa Italia. Palikuwa na seneta mwenye nguvu nyingi, ambaye wengi walifungwa kwa fadhili zake au kwa hofu yake. Alitaka apewe kitu ambacho sheria ilikikataza. Alipio akakataa. Akaahidiwa zawadi, akaicheka. Akatishwa, akavidharau vitisho. Watu walistaajabu. Hakimu mwenyewe hakutaka kukubali ombi lile, lakini pia hakuwa na ujasiri wa kulikataa waziwazi, hivyo akajificha nyuma ya mshauri wake na kusema kwamba ni Alipio asiyemruhusu. Na ni kweli: kama hakimu angekubali, Alipio angeondoka. Augustino, ambaye hafichi kitu, anaongeza kwamba palikuwa na jambo moja tu lililokaribia kumshinda: alitamani kutumia cheo chake ili anakiliwe vitabu kwa bei ndogo ya watumishi wa serikali. Akafikiri, akaacha. (Wenye kutumia mashine ya ofisi kutoa nakala za nyimbo za korali watajiona hapa.)

Kwa hiyo mtu yuleyule aliyekuwa jiwe mbele ya seneta alikuwa nta mbele ya ukelele wa umati. Seneta alisimama mbele yake kama adui, na adui hujulikana. Rafiki wanaocheka baada ya chakula hawaonekani kuwa hatari.

Mwaka 384 Augustino alipata kazi ya kufundisha ufasaha wa maneno huko Milano, na Alipio akaenda naye. Hapo ndipo inapoanza habari ambayo tungependa muifuate pole pole, maana ndani yake mwenendo mwema unasafiri kwa njia ileile ambayo ule mbaya ulisafiria.

Augustino alikuwa amekwisha kuachana na mafundisho ya Mani. Alimsikiliza askofu Ambrosi akihubiri. Akilini alikuwa karibu kusadiki. Maisha yake hayakubadilika. Alimwendea padri mzee aitwaye Simplisiano. Mzee hakumpa hoja mpya. Alimsimulia habari ya mtu: Marius Victorinus, mzaliwa wa Afrika kama yeye, mwalimu wa ufasaha kama yeye, aliyeheshimiwa Roma hata akasimamishiwa sanamu penye uwanja mkuu wa mji. Victorinus alisoma Maandiko faraghani, akamnong’oneza Simplisiano kwamba yeye ni Mkristu tayari. Simplisiano alimjibu kwamba hatasadiki mpaka amwone ndani ya kanisa. Victorinus alicheka, akauliza kama ni kuta zinazowafanya watu kuwa Wakristu. Walirudia mazungumzo hayo mara nyingi, maana Victorinus aliogopa rafiki zake wakubwa. Siku moja akamwambia mzee ghafula: twende kanisani. Wakati wa kuungama imani, mapadri walimpa nafasi ya kufanya hivyo kwa siri, kama walivyowapa wenye haya. Alikataa. Alipanda mahali pa juu mbele ya watu wote, na jina lake likapita kinywa hadi kinywa.

Victorinus alikuwa na haki kuhusu kuta. Lakini imani ya faraghani ina upungufu mmoja ambao hakuufikiria: hakuna awezaye kuifuata. Kama angebaki na siri yake, Simplisiano asingekuwa na la kusimulia, na Augustino, aliyesema kwamba mara baada ya kusikia habari ile alichomeka kwa hamu ya kuiga, angerudi nyumbani na hoja zake.

Kisha, mwaka 386, walipata mgeni. Aliitwa Ponticianus, Mwafrika wa kwao, mwenye cheo katika nyumba ya kaisari. Alimkuta Augustino pamoja na Alipio, wakaketi. Juu ya meza ya mchezo palikuwa na kitabu. Ponticianus alikifungua akitegemea kukuta kitabu cha shule, akakuta Barua za Mtume Paulo. Alifurahi, maana yeye alikuwa Mkristu aliyebatizwa na mtu wa sala. Ndipo mazungumzo yakaingia katika habari za Antoni wa Misri. Wenyeji hawakuwahi kumsikia. Antoni alikuwa amekufa mwaka 356, Augustino mwenyewe akiwa tayari amezaliwa, na jangwa alilokaa liko katika bara lao, hata hivyo ilibidi wakae Milano ndipo waambiwe habari zake. Nasi hatuwezi kuwacheka, ikiwa tunajua wachezaji wa timu za Ulaya kuliko majina ya makatekista waliozijenga parokia zetu.

Ponticianus aliendelea. Akiwa Trier, mji uliopo leo Ujerumani, ambapo kaisari alikuwa na makao, alitoka siku moja na wenzake watatu kutembea penye bustani karibu na kuta za mji, kaisari akiwa kwenye mashindano ya farasi. Waligawanyika wawili wawili. Wawili miongoni mwao walikutia nyumba ndogo walimokaa watumishi maskini wa Mungu, na humo wakakuta kitabu cha maisha ya Antoni, kilichoandikwa na Mtakatifu Atanasi wa Aleksandria. Mmoja akaanza kusoma. Alistaajabu, akawaka, akamgeukia mwenzake na kumwuliza wanatafuta nini kwa taabu yao yote katika utumishi huu. Tumaini lao kubwa kabisa ni kuwa rafiki wa kaisari, na urafiki huo hupatikana kwa hatari na kwa muda mrefu. Lakini rafiki wa Mungu, akitaka, anaweza kuwa sasa hivi. Akasoma tena, akaamua kubaki katika nyumba ile. Alimwambia mwenzake kwamba asipotaka kumwiga, basi asimpinge. Mwenzake akasema atabaki naye. Walikuwa na wachumba. Wachumba nao, waliposikia, wakajitoa kwa Mungu.

Wale wawili wengine walikuja kuwatafuta jioni ilipokaribia. Walielezwa, wakalia juu ya nafsi zao, wakawapongeza, wakaomba wakumbukwe katika sala, kisha wakarudi ikulu. Mmoja wao alikuwa Ponticianus.

Hapo tunapenda kutua kidogo. Msimulizi hakuwa mmoja wa waliobaki katika nyumba ile. Alirudi kazini, akaendelea na cheo chake, huku akilibeba tukio lile moyoni miaka yote, akilisimulia. Hakulificha kwa kuogopa kwamba litamhukumu.

Tukirudi nyuma zaidi katika mnyororo huu, hatufiki kwa mtu aliyeanza peke yake. Antoni naye, kwa maelezo ya Atanasi, alikuwa kijana wa miaka 18 au 20, yatima wa siku nyingi kidogo, mwenye dada mdogo na mashamba mazuri ya urithi. Aliingia kanisani akiwaza jinsi mitume walivyoacha yote na jinsi Wakristu wa kwanza walivyouza mali zao, na saa ileile ikasomwa Injili ya tajiri aliyeitwa auze vyote. Akauza. Baadaye, kabla ya kuingia jangwani, alimwendea mzee mmoja wa kijiji jirani aliyeishi maisha ya upweke tangu ujana, kisha wengine, akachukua kwa huyu upole, kwa yule sala, kwa mwingine uvumilivu. Atanasi anamfananisha na nyuki. Wahenga wetu husema fuata nyuki ule asali. Lakini nyuki mwenyewe anafuata maua.

Turudi Milano. Ponticianus akamaliza, akaaga. Augustino, uso umebadilika, alimgeukia Alipio akimwuliza inakuwaje watu wasio na elimu wanainuka na kuuteka mbingu, nao pamoja na elimu yao wanagaagaa. Akatoka kwenda bustanini penye nyumba. Alipio akamfuata, hatua nyuma ya hatua. Hivyo ndivyo Augustino anavyoandika, na hatudhani kwamba ni bahati. Waliketi mbali na nyumba. Machozi yalipomzidi, Augustino alijitenga chini ya mtini. Alipio akabaki palepale, kimya, bila kusema neno la kumtuliza wala la kumharakisha. Kutoka nyumba ya jirani ikasikika sauti ya mtoto, kama ya wimbo wa mchezo, ikirudia kumwambia mtu achukue na kusoma. Augustino alikumbuka kwamba Antoni alishikwa na maneno ya Injili aliyoyasikia akiingia tu. Alifanya vilevile. Alirudi alipoketi Alipio, maana kitabu cha Mtume kilibaki hapo, akakifungua, akasoma mistari ya kwanza aliyoiona, katika sura ya 13 ya Barua kwa Waroma, akakifunga. Wasiwasi ulikuwa umekwisha.

Alimweleza Alipio. Naye akaomba aonyeshwe alichokisoma, lakini macho yake hayakuishia hapo Augustino alipoishia. Alisoma mbele kidogo, mwanzo wa sura ya 14, panapohusu kumpokea aliye dhaifu katika imani, akasema kwamba hayo yanamhusu yeye. Akaungana na rafiki yake bila kusitasita.

Mnamwona? Ni Alipio yuleyule wa uwanja wa damu. Hakuponywa desturi yake ya kumfuata jirani. Safari hii, jirani aliyeketi naye alikuwa akisoma Paulo. Na tena hakunakili tu: alimfuata mwenzake mpaka penye ukurasa, kisha akautafuta mstari ulio wake. Alipojiandaa kwa ubatizo alitembea pekupeku juu ya ardhi ya Italia iliyoganda kwa baridi, jambo ambalo Augustino hakulifanya wala hakumwagiza. Walibatizwa pamoja na Ambrosi usiku wa Pasaka mwaka 387, wakarudi Afrika mwaka 388, wakaishi Thagaste kwa sala na kazi. Alipio akawa askofu wa mji wao wa kuzaliwa mnamo mwaka 394, akimtangulia Augustino katika uaskofu. Katika monasteri ya Augustino huko Hippo walitoka maaskofu wapatao kumi kwa ajili ya majimbo mengine, kama anavyoshuhudia Posidio, aliyeishi naye na kuandika maisha yake.

Augustino alikufa tarehe 28 Agosti 430, mji wake ukiwa umezingirwa na jeshi la Wavandali, na baada ya karne chache Eklezia ile ya Afrika ya kaskazini ilizimika karibu kabisa. Katika karne ya 19, Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Aljeri na baadaye pia wa Karthago, alikuwa na ndoto ya kuifufua, na Wamisionari wa Afrika aliowaanzisha mwaka 1868 ndio waliofika kwenye ziwa letu la Tanganyika mwaka 1879, wakashika Mpala mwaka 1885. Katika nchi hizo za Marungu alitoka Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917, Mkongomani wa kwanza wa nyakati zetu. Mtoto wa Mpala au wa Kirungu aliyemwona altareni aliona jambo ambalo hotuba ya mgeni isingeweza kumwonyesha: kwamba linawezekana kwa mtu wa lugha yake na wa kijiji chake.

Na kuna mwingine, wa karibu zaidi. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa kijana wa jumuiya ya Sant’Egidio, akiwajali watoto wa mitaani, na kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazoingia kupitia mpaka. Wapo waliotaka apitishe vyakula vilivyoharibika, wakamletea pesa, naye akakataa kwa sababu watu wangekula sumu. Mnajua jinsi tabia hii inavyojifunzwa katika ofisi: hakuna anayeingia siku ya kwanza akidai matabishi, anamwona mkubwa, anamwona mwenzake, anaona kwamba asiyepokea ndiye anayetazamwa vibaya, na siku moja mkono wake unanyooka wenyewe. Floribert aliuawa mwezi Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, mjini Roma, Eklezia ilimtangaza Mwenye Heri. Hatujui kama aliwahi kusoma habari za mshauri yule wa hazina aliyemkatalia seneta katika mji huohuo wa Roma, miaka zaidi ya 1,600 kabla yake.

Katika mikutano yetu ya vijana, ya Kiro, ya Xaveri na ya korali, huulizwa mara kwa mara: mimi si shahidi wala si mmonaki, ninarudi kesho ofisini au sokoni, nina kazi gani katika habari hizi? Tunapoulizwa hivyo tunamfikiria Ponticianus. Yeye alirudi ikulu. Siku ile huko Milano hakuja kuhubiri, wala hakujua kwamba atakikuta kitabu kile mezani. Alikuja kwa haja yake nyingine, akaketi, akasimulia kile alichokiona Trier, akamalizana na haja yake, akaondoka. Augustino alipokaa kuyaandika hayo zaidi ya miaka 10 baadaye, alikumbuka meza, kitabu, bustani, mtini na sauti ya mtoto. Ile haja iliyomleta mgeni hakuikumbuka tena.